Kabla ubonyeze hiyo linki ya vocha ya bure, uliza kwanza nani analipia

Ilikuwa tarehe 23, na ukiishi Nairobi unajua tarehe 23 huwa aje. Mshahara wa mwezi uliopita uliisha kitambo, wa mwezi huu bado, gesi ya kilo sita imeanza kutoa ule moto wa manjano unaochafua sufuria, na unga umebaki wa kusonga ugali mara moja. Saa hiyo hiyo meseji ikaingia kwa grupu ya ploti yetu, eti supamaketi fulani kubwa inasherehekea siku ya kuzaliwa kwake na kila familia inapewa vocha ya shilingi 5,000, bonyeza hapa kabla ofa iishe. Aliyeituma ni mama wa nyumba namba nane, mweka hazina wa chama chetu, mtu wa kanisa, yaani mtu ambaye unamwachia mtoto na pesa ya chama siku hiyo hiyo na unaenda zako bila wasiwasi. Nikabonyeza.

Naandika hii kwa sababu ya kile kilichofuata, na pia nimechoka kusikia watu wakisema wanaoliwa hivi ni watu wa tamaa. Si tamaa. Mtu anayehesabu shilingi, anayetafuta pa kupunguza mia mbili kwa bajeti ya wiki, huyo ndiye hizi meseji zimeshonewa, na ukiangalia vizuri utaona zinavyojaa mwisho wa mwezi, zinavyojaa Januari, zinavyojaa wiki ile shule zinafunguliwa. Mtu aliyeshiba hata haisomi hiyo meseji mpaka mwisho.

Sasa tuingie ndani ya huo ukurasa wenyewe, maana ukishaona vile umeundwa hautahitaji mtu wa kukukanya tena.

Ukifungua unapata maswali manne. Unaijua supamaketi hii? Una miaka mingapi? Wewe ni mwanamke ama mwanaume? Unaonaje huduma zetu? Ukijibu vizuri ama vibaya haijalishi, mimi nilirudi baadaye nikajibu kwamba hiyo supamaketi siijui kabisa na bado nikapongezwa. Maswali yako pale ya kukufanya uhisi umefanya kazi kidogo, na mtu akishafanya kazi anaona anastahili malipo. Halafu yanatokea masanduku tisa, chagua moja, una nafasi tatu. La kwanza huwa tupu. La pili ama la tatu ndio lina vocha, kila mara, kwa kila mtu, ukichagua la juu ama la chini, kwa sababu limeandikwa hivyo ndani ya programu ya ukurasa. Ule utupu wa kwanza ndio unakufanya uamini ushindi wa pili. Chini yake kuna komenti za watu wakishukuru, "nilidhani ni uongo lakini nimepata leo", zina picha na majina na vidole vya kupenda, lakini jaribu kubonyeza jina la mmoja wao uone kama litafunguka. Halifunguki. Ni maandishi tu yamebandikwa pale. Na ile saa inayorudi nyuma ikisema zimebaki dakika nne, fungua ukurasa upya uone, inaanza tena kutoka juu.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Unaambiwa sheya kwa grupu tano ama marafiki ishirini mpaka ule mstari ujae rangi ya kijani. Sikiliza: ukurasa wa intaneti hauna macho ya kuona ndani ya WhatsApp yako. Haujui kama umetuma, haujui umetumia nani. Unachohesabu ni mara ngapi umebonyeza kile kitufe, basi, ungeweza kubonyeza na kurudi bila kutuma kitu na mstari ungejaa vile vile. Lakini nani anajua hiyo? Sisi tunatuma. Kuna ujanja mwingine hapo watu wengi hawajaung'amua. Meseji ikipitishwa mkono kwa mkono WhatsApp huiwekea alama ya mishale miwili kuonyesha imesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 meseji ya aina hiyo unaweza kuipeleka kwa mtu mmoja ama grupu moja tu kwa wakati. Sasa kile kitufe cha kwenye ukurasa hakipitishi meseji ya zamani, kinakuandikia mpya kabisa. Kwa hivyo inafika kwa grupu bila mishale yoyote, inaonekana ni wewe umekaa chini ukaiandika kwa mkono wako. Ndio maana mimi niliamini. Sikuona meseji ya matapeli, nilimwona mama wa nyumba namba nane.

Na yeye alikuwa amemwona dadake wa kanisani, na dadake alikuwa amemwona mwalimu wa mtoto. Wanachoiba kwanza ni imani ambayo watu wamejengeana miaka, pesa ni baadaye.

Sasa wanapata nini? Hili ndilo swali watu huuliza, eti kama sikulipa chochote nimepoteza nini. Njia ziko kadhaa na hazifanani. Kuna wale ambao shida yao ni macho yako tu, ukurasa umejaa matangazo, kila mtu anayefungua anawaletea visenti, na watu laki moja wakifungua hivyo visenti vinakuwa pesa ya maana. Hao ni afadhali kidogo. Kuna wanaokupeleka kwa ukurasa mwingine wa kukuunganisha na huduma ya meseji inayokukata kidogo kidogo, unanunua kredo ya hamsini asubuhi na jioni hujui imeenda wapi. Kuna wanaokuambia pakua apu ndio upate vocha, na hiyo apu haitoki kwa duka la Google Play, inashuka moja kwa moja kutoka kwa linki, halafu inaomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Ukiipa ruhusa ya kusoma meseji umeipa kila namba ya siri ambayo benki ama mtandao wowote utakutumia. Hapo usiendelee, hata kama vocha ni ya laki.

Halafu kuna wa ile ada ndogo. Umeshinda, hongera, sasa lipa 180 ya kuletewa mzigo. Hii 180 imefikiriwa. Ingekuwa 2,000 ungepiga breki, lakini 180 unaiona mbele ya 5,000 unasema wacha nijaribu, na ukipoteza hautaenda polisi kwa sababu ya 180, nauli ya kwenda na kurudi itakuwa karibu hapo. Ila kuna dakika moja ya kujiokoa. Kabla M-Pesa itume, inakuonyesha jina la anayepokea. Soma hilo jina polepole. Kama unaambiwa ni supamaketi na jina linalotokea ni la mtu, jina lake la ubatizo na la babake, hapo hakuna supamaketi.

Wanaochukua taarifa zako ndio mtu hawaoni haraka. Jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, hizo nne zikikaa pamoja kwa mtu mbaya anaweza kujaribu kuhamisha laini yako kwa kadi nyingine. Siku hiyo simu yako itapoteza netiweki ghafla ukiwa katikati ya mji, utadhani ni mnara, kumbe laini imehama na anayejibu meseji zako za benki si wewe. Kama uko Safaricom, bonyeza *100*100# leo, inazuia mtu kukubadilishia laini kiholela huko nje. Na bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu wamepata laini hawajawahi kuziona.

Sasa turudi kwa mama namba nane. Siku mbili baada ya kujaza jina na namba yake alipigiwa simu na kijana mpole sana, anamwita "mum", anamwambia vocha yake iko tayari, kuna namba sita zitaingia kwa meseji, amsomee athibitishe. Zikaingia. Akasoma. Zile namba sita zilikuwa za WhatsApp, yule kijana alikuwa ameandika namba ya mama kwa simu yake mwenyewe na WhatsApp ikatuma namba za kuhakikisha kwa mwenye laini. Alipozisoma tu, akaunti ikahama. Na hiyo meseji ya namba sita huwa imeandikwa usimpe mtu yeyote, lakini mtu akiwa kwenye simu na sauti inamharakisha anasoma namba, hasomi maneno. Ndani ya nusu saa "mama namba nane" alikuwa anatuandikia sisi wa chama mmoja mmoja, mtoto amelazwa, niokoeni na 3,000, tumeni kwa namba ya dadangu hii yangu imejaa. Aliandika "mbarikiwe" vile vile yeye huandika, maana meseji za grupu zinazoingia baada ya akaunti kuhama zinasomwa na mwizi, na jibu la kawaida la mtu haliigwi kwa shida. Wawili wakatuma.

Kinga ya hii ni ya bure na inachukua dakika moja. Ingia kwa mipangilio ya WhatsApp, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri ya tarakimu sita, tofauti na ya M-Pesa. Hapo hata mtu akipata zile namba sita za meseji ataulizwa na hii nyingine ambayo haitumwi kwa meseji, iko kichwani mwako. Wawekee wazazi pia ukienda ushago, usiwaelezee kwa simu, kaa nao muweke pamoja.

Si vocha za supamaketi peke yake. Ukitembea Facebook utakutana na wale wa "tunaongeza limiti ya Fuliza, lipa 199". Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa pesa ikikupungukia, ilianza 2019 na limiti yake inapangwa kulingana na vile wewe unatumia laini na unavyolipa, hakuna mtu nje anayeishikilia kwa mkono, kwa hivyo hiyo 199 inanunua hewa. Kuna kurasa zenye picha za wanasiasa zinazotoa mikopo na misaada kwa jina la Hustler Fund, na Hustler Fund yenyewe, mkopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, unaipata kwa *254# na hauombwi ada ndio upewe. Kuna wanaotoza watu pesa ya kusajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, na kujisajili SHA ni bure, unabonyeza *147# ukiwa umekaa kwako. Malipo ya huduma za serikali yanapitia eCitizen, paybili 222222, sasa mtu akikuambia utume "ada ya serikali" kwa namba yake binafsi usibishane naye, kata simu.

Na simu za "umeshinda" kutoka kwa Safaricom, wao wenyewe wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wanapiga kutoka 0722 000 000 pekee. Ikiwa namba ni nyingine, hata kijana awe mpole aje, si wao. Watu mtaani wanapenda kusema hao ni jamaa wa gereza la Kamiti, na inawafanya wawaone kama mtu mmoja mjinga amekaa seli anabahatisha. Usiwaone hivyo. Wako wanaofanya hii kama kazi ya ofisi, wana maneno yaliyoandikwa, wanajua lini shule zinafunguliwa na wanajua mama wa Nairobi anaogopa nini.

Linki nayo inasomwa aje? Hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ukiijua hii moja umejitoa kwa mitego mingi. Jina la kweli la tovuti linakaa karibu na mkwaju (/) wa kwanza, ule mkwaju mmoja baada ya jina, na unalisoma ukirudi nyuma kutoka hapo, si kutoka mwanzo. Tuseme umeona jinaladuka.co.ke.zawadi-leo.xyz halafu mkwaju. Jicho linaona jina la duka kwanza, linaona co.ke, linatulia. Lakini mwenye nyumba ni zawadi-leo.xyz, hayo mengine mbele ni kama mtu ameandika "Ikulu" kwa mlango wa kibanda chake. Na ukiona linki imefupishwa hadi huoni jina lolote, usiibonyeze, fungua ukurasa wa hilo duka wewe mwenyewe, andika jina lake, tafuta hiyo ofa huko. Kama supamaketi inagawa vocha kwa kila familia Kenya, itakuwa imeandika kwao, na itakuwa imebandika karatasi kwa mlango wa tawi la mtaani kwenu. Ama enda tu uulize kwa kaunta, hawatakucheka.

Najua kuna mtu anasoma hii anasema basi hakuna cha bure duniani. Hapana, cha bure kipo, na sitaki mtu aache kuokoa pesa kwa sababu ya woga. Tofauti ni kwamba cha bure cha kweli unaweza kuona nani analipia. Yule dada wa supamaketi Jumamosi anayekaanga soseji kwa kikaango kidogo na kukuchomea kipande kwa kijiti, soseji hiyo imelipiwa na kiwanda kwa sababu wanataka ununue pakiti, na hakuulizi kitambulisho. Pointi za Bonga za Safaricom umeshalipia wewe, kila shilingi 10 unayotumia kwa kredo inakupa pointi moja, na watu wengi wanazo elfu nzima hawajawahi kuangalia, bonyeza *126# sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, unaweza kupata dakika ama bando ya wiki. Kadi ya pointi ya supamaketi ni vile vile, inajazwa na pesa yako, kwa hivyo ikikurudishia 300 Desemba hiyo ni haki yako. Linganisha na ile vocha: wewe hujanunua kitu, hakuna kiwanda kinachotaka ujaribu bidhaa, na bado kila familia inapewa 5,000. Piga hesabu ya familia mia moja tu, hiyo ni nusu milioni. Nani anaitoa, na anapata nini? Kama huoni jibu, basi jibu ni namba yako, marafiki zako na jina lako.

Kuokoa kwenyewe, kusema ukweli, kunachosha na hakuna masanduku tisa. Sisi kwa ploti tulianza kwenda Marikiti kwa zamu, mtu mmoja anaamka saa kumi na moja, ananunua gunia la viazi na kreti ya nyanya, tunagawana nyumba sita. Mwenye zamu analipiwa nauli na mkokoteni. Hata ukihesabu hayo yote bado inashinda kununua nyanya tatu tatu kwa kibanda kila jioni, ingawa mama wa kibanda pia ni jirani na sukuma wiki bado tunachukua kwake, hiyo tulikubaliana mapema.

Na kama tayari umebonyeza? Usikae na aibu kimya, aibu ndiyo inawapa muda. Ukiwa umetuma pesa kwa M-Pesa, ile meseji ya kuthibitisha ipeleke kwa 456 papo hapo, maana inaweza kurudishwa kama bado imekaa kwa akaunti ya aliyepokea, akishaitoa imekwisha. Meseji ya utapeli na namba iliyokutapeli ipeleke 333, ni bure. Ukipakua apu, itoe, halafu badilisha namba za siri ukitumia simu nyingine. WhatsApp ikihama, iweke upya kwa laini yako, namba sita zitakuja kwako kwa sababu laini bado ni yako, na ukiziweka tu mwizi anatolewa nje. Akiwa amewahi kuweka ule uthibitishaji wa hatua mbili kabla yako itabidi usubiri siku saba ndio uingie bila namba yake ya siri, lakini yeye pia atakuwa ametoka, kwa hivyo usikate tamaa siku ya pili. DCI, wapelelezi wa polisi, wana namba ya bure, 0800 722 203. Na andika kwa kila grupu uliyosheya, futa ile linki, sema si ya kweli. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo ya maana, kwa sababu kuna mtu huko bado anajaza jina lake akikuamini wewe.

Mama namba nane alisubiri hizo siku saba. Siku ile ya kwanza hakuwa na WhatsApp ya kutuonya, akatoka akagonga mlango mmoja mmoja, na ndio tukajua ni wawili walikuwa wameshatuma. Mmoja alikuwa amepeleka meseji 456 ndani ya dakika kumi, 3,000 yake ikarudi. Wa pili alikuwa kazini, simu iko kwa droo, aliposhika ilikuwa jioni na pesa ilikuwa imetolewa kitambo. Chama kilimwambia mama si deni lake. Akasema sawa, amesikia. Mkutano uliofuata alifungua leso yake akaweka 500 mezani mbele ya yule aliyepoteza, na Jumapili iliyopita ameweka 500 nyingine.